Kakangu ndiye walii wangu, na kadi ya Marekani haijatoka

Assalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni msichana wa Kibokoni, hapa Mombasa. Posa yangu ilijibiwa baada ya Idi Kubwa na nikaha imewekwa Mfunguo Mosi, Mungu akipenda. Sasa tumeshaingia Rajabu na nyumbani hakukaliki.

Baba yetu amefariki, na babu mzaa baba alimtangulia. Ndugu yangu wa baba mmoja mama mmoja ni huyo kaka peke yake, kwa hiyo yeye ndiye walii wangu. Anaishi Columbus, Ohio. Alikwenda kusoma, akamaliza, akaoa binti mwenye uraia wa huko, na mke ndiye aliyemsimamia katika ombi la ukaazi wa kudumu. Mahojiano wameshafanya. Ofisa aliwaambia wangoje jibu kwa posta, na tangu siku hiyo neno ni lile lile: mambo yako hatua za mwisho.

Ami yetu mkubwa ndiye anayesimamia arusi. Anasema mahojiano yamepita, kilichobaki ni kadi tu, basi kakangu aje siku kumi, amwoze dadake, arudi zake. "Nani atajua?" Anatoa na mfano wa kijana wa Kuze aliyekuja mwaka jana kumzika babake huku grini kadi yake haijatoka, akarudi salama. Kaka anajibu kwamba akikanyaga nje ya Marekani ombi lote limekwisha. Anasema kuna kibali ambacho angekiomba mapema, ila kilikuwa na ada yake kando na wakati ule walikuwa wanabana matumizi. Ami hakubali. Anasema kijana amesahau kwao. Khaloo yangu mmoja naye amezua kwamba ni mke ndiye anayemzuia, na mke mwenyewe, maskini, ni mjamzito.

Nikimwambia ami aoze yeye, anasema hawezi kuruka zamu ya mwenyewe na mwenyewe yu hai. Mamangu hasemi kitu, na kule kunyamaza kwake kunaniumiza kuliko maneno ya wote.

Sitaki kukuficha, Shangazi: na mimi namtaka kakangu awepo. Sikuwahi kuifikiria siku hiyo bila yeye. Lakini naogopa kumtia katika shida. Je, anayosema ni kweli? Kuna njia yoyote ya yeye kuja? Na kama hakuna, nikaha yangu itakuwaje?

Bibi arusi, Kibokoni

*

Mwanangu, wa aleikumu salaam, na Mungu aitimize heri yako.

Kaka yako anasema kweli. Nalitanguliza hili kabla ya mengine kwa sababu kijana ameshasemwa nyumbani kwao kwa jambo ambalo hakulitunga yeye, na kila siku inayopita bila mtu kumtetea ni siku nyingine ya yeye kuamini kwamba ndugu zake wanamwona mwongo.

Mtu anayeomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya Marekani huomba kwa fomu inayoitwa I-485. Kanuni iliyo juu ya fomu hiyo ni nzito: akitoka nje ya nchi kabla ombi halijaamuliwa, na hana kibali cha kusafiri alichopewa kabla ya kuondoka, basi anahesabiwa kuwa ameliacha ombi mwenyewe. Hawaulizi kama alikwenda mazikoni au arusini, wala kama alikaa siku kumi au mbili. Kuondoka kwenyewe ndiko kunakoliua.

Ami yako ameteleza kwenye neno "mahojiano yamepita". Kwetu, mtu akishahojiwa na akatoka anatabasamu, tunaona kazi imekwisha. Kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, ombi ni ombi mpaka liandikwe limekubaliwa. Anaweza kuwa amehojiwa, alama za vidole zimechukuliwa, na faili liko mezani kwa ofisa linangoja sahihi, na bado akipanda ndege jioni hiyo amelipoteza. Hata barua ya kukubaliwa ikiandikwa wiki moja baadaye, imeandikiwa ombi lililokwisha kufa siku aliyotoka, na jambo hilo likija kugundulika baadaye litamrudia. Kwa hiyo "hatua za mwisho" ndiyo hatua ya kutulia kuliko zote, maana aliyeko hapo ana mengi zaidi ya kupoteza kuliko aliyepeleka fomu jana.

Na hilo la "nani atajua", mwambie ami kwa adabu kwamba wanajua. Marekani hawana dawati la kugonga pasipoti mtu anapotoka, na nadhani ndiko wengi wanakodanganyika. Lakini mashirika ya ndege hupeleka majina ya abiria serikalini, na kutoka kwako kunaandikwa hata kama hukuonana na ofisa hata mmoja. Zaidi ya hapo, huyu hatoki tu, anataka kurudi. Atarudi kwa karatasi gani? Viza ya masomo alikuja nayo kusoma, na masomo yamekwisha. Kaunta ya ndege pale Nairobi watamtaka aonyeshe kitu kinachomruhusu kuingia Marekani, na akikosa hawampandishi. Hatafika hata mbele ya ofisa wa mpakani kujieleza.

Baada ya hapo ni kuanza upya, safari hii kupitia ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi. Ombi la mke la kutambua ndoa yao linaweza kusaidia, lakini itabidi karatasi zikusanywe tena, apimwe afya tena, angoje tarehe ya mahojiano tena. Hayo hayaishi kwa mwezi mmoja wala miwili. Mke atajifungua Columbus na mumewe yuko Kibokoni anangoja barua pepe. Khaloo yako anayesema mke ndiye anayemzuia, naomba aliwazie hilo. Hata kama mke angemshika mumewe nguo asiondoke, ningesema ana haki.

Kijana wa Kuze simjui na sitamsemea. Lakini wako watu wanaosafiri ombi likiwa halijaamuliwa na wakarudi bila tatizo, na sheria inawaruhusu. Wenye viza za kazi za aina ya H-1B na L-1, pamoja na waume, wake na watoto walio chini ya viza hizo, wanaweza kutoka na kurudi mradi viza na kazi viko sawasawa. Wengine huwa tayari wanacho kile kibali mkononi, ila huku kwetu hawasemi. Wanasema tu "kadi haijatoka", nasi tunadhani wametoka hivi hivi. Aliyeoa raia baada ya viza ya masomo, kama kaka yako, hamo katika kundi hilo la kwanza.

Sasa tuje kwenye kibali chenyewe, kwa sababu njia ipo.

Kinaombwa kwa fomu I-131, na wenyewe hukiita paroli. Kwa miaka mingi aliyelipia I-485 hakulipa tena kwa ajili ya kibali hiki, watu wakawa wanakiomba hata kama hawana safari. Tangu Aprili 2024 kinalipiwa kando, na ombi lenyewe la ukaazi mwezi huo liliwekewa ada ya dola 1,440. Kaka yako kuacha kukiomba si uzembe. Vijana wengi walioanza maisha wamefanya hesabu hiyo hiyo. Anaweza kukiomba hata leo, maana fomu hiyo hupokelewa wakati wowote ombi la ukaazi likiwa bado liko wazi.

Tatizo ni muda. Kibali hiki kwa mwendo wake wa kawaida huchukua miezi, na wewe una Shaabani na Ramadhani tu mbele yako. Ndiyo maana lazima aombe kiharakishwe. USCIS husikiliza maombi ya kuharakisha kwa mtu mwenye haja kubwa ya kusafiri. Msiba au mgonjwa mahututi ndiyo wanaoelewa upesi, na kwa hayo mtu huweza kupiga simu yao ya huduma akapewa miadi katika ofisi iliyo karibu naye, akaenda na ushahidi na fomu mkononi. Shughuli iliyopangwa, kama arusi, nayo wanaweza kuizingatia, lakini wataangalia kama aliomba kibali mapema au alingoja mpaka tarehe ikamkaba. Matembezi ya likizo hawayahesabu. Kwa hiyo barua yake isiseme anakuja "kuhudhuria arusi ya dada". Wageni mia tatu wanahudhuria arusi. Yeye anaitwa kwa sababu baba amefariki na kwa sheria ya dini yake yeye ndiye mwenye kuoza. Aliandike hilo kama lilivyo.

Hapa ndipo kazi yako inapoingia, na ianze wiki hii. Mtumie nakala ya cheti cha kifo cha baba. Mtumie vyeti vya kuzaliwa, chako na chake, vinavyoonyesha mama na baba mmoja. Kama chako kimepotea, nenda Huduma Centre uulize namna ya kupata kingine. Vyeti vyetu viko kwa Kiingereza, hapo hapana kazi. Kisha nenda kwa kadhi, au kwa sheikh atakayefungisha nikaha, umwombe barua yenye tarehe ya nikaha na maelezo kwamba kaka yako ndiye walii anayestahiki. Barua ikiwa ya Kiswahili au Kiarabu, lazima iende na tafsiri ya Kiingereza iliyotiwa sahihi na mfasiri, akieleza kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Bila hivyo wataiweka kando.

Kabla hajajaza hiyo I-131, kuna swali moja ambalo ajibu kwa wakili wala si kwako, si kwa ami, si kwa rafiki wa msikitini: tangu amalize masomo, je, kuna kipindi alikaa bila hadhi halali? Sheria ya Marekani inasema aliyekaa kinyume cha sheria kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka, hufungiwa asirudi kwa miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Kwa aliyeingia na viza ya masomo hesabu ya siku hizo ina kanuni zake, na mwaka 2012 bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua kwamba kutoka nchini kwa kibali hiki hakumwingizi mtu katika zuio hilo la miaka 10. Hayo ni mambo ya kupimwa na mtu anayelijua faili lake. Kama aliwahi kukamatwa, hata kwa jambo dogo la barabarani, aliseme pia. Asiyeweza kumlipa wakili atafute mashirika ya hisani yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Kazi yao ni halali na bei yao ni nafuu. Wale wanaojiita wataalamu wa karatasi, wanaokujazia fomu mezani kwa pesa mkononi, awaepuke kabisa. Nimeona nyumba zilizolia kwa sababu ya watu hao.

Kibali kikitoka, asafiri nacho chenyewe, si picha kwenye simu. Aangalie tarehe ya mwisho, maana lazima awe amesharudi kabla haijafika. Pasipoti yake ya Kenya iwe na muda wa kutosha, na kama inakaribia kwisha aanze na ubalozi wetu Washington sasa hivi. Tiketi iwe ya kubadilika. Asichague njia kwa bei tu: Uingereza huwadai Wakenya viza hata wakipita uwanjani kubadilisha ndege, na kibali cha paroli si grini kadi. Kenya Airways wana ndege ya moja kwa moja kutoka New York hadi Nairobi tangu Oktoba 2018, na kwa mtu mwenye karatasi za namna yake mimi ningeongeza hela nikapanda hiyo, kisha Nairobi kuja Mombasa ni treni au ndege ya saa moja. Na mkewe huku nyuma awe anafungua barua zote. Wakimwita kaka yako kwa miadi au wakidai karatasi zaidi na tarehe ikapita hajajibu, ombi linaweza kukataliwa kwa hilo pekee.

Ajue pia kwamba kibali si ahadi. Ofisa wa mpakani ana haki ya kumweka kando, kumuuliza, na kuamua. Wengi hupita, lakini lazima aondoke akijua hivyo, na mkewe ajue, na mama ajue. Akiona moyo wake haukubali, na mke yuko katika miezi ya mwisho, basi akae. Hilo ni lake kuamua na nyie wote mlipokee.

Nikaha yako haikwami, mwanangu. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Ami yako ana haki katika jambo moja: zamu ya uwalii ni ya ndugu kabla ya ami, na kujizuia kwake ni kuiheshimu dini. Namheshimu kwa hilo. Ila walii si lazima awepo kwa mwili. Anaweza kumpa mtu mwingine uwakala amwozee, na jambo hili si geni wala si hila. Mabaharia na wasafiri wa pwani hii wameozesha binti zao kwa uwakala vizazi na vizazi. Kaka yako anaweza kumfanya ami huyo huyo kuwa wakala wake. Ami akikaa mbele ya bwana arusi atakuwa anasema kwa niaba ya mwenye zamu, kwa idhini yake, na hajairuka zamu ya mtu. Namna kadhi anavyotaka uwakala huo uthibitishwe, kwa maandishi, kwa simu ya video mbele ya mashahidi, au vyote viwili, mkamuulize mwenyewe ofisini. Mahakama za Kadhi zimetajwa katika Katiba yetu, kifungu cha 170, na maswali ya ndoa ya Kiislamu ni kazi yao hasa. Ndoa itasajiliwa kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 kama ndoa nyingine yoyote.

Ningependa mwende kwa kadhi wewe na ami pamoja, na kakako awe kwenye simu. Usimpelekee ami jibu hili kama hukumu. Mwambie: "Ami, nakuomba unisindikize kwa kadhi tukaulize habari ya uwakala." Mzee aliyeombwa kusindikiza hukuta mlango wa kutokea bila kuaibika. Akimsikia kadhi akisema kwamba yeye ndiye anayefaa kupewa amana hiyo, naamini maneno ya "amesahau kwao" yatakoma yenyewe. Yasipokoma, basi kaka yako ampigie ami yeye mwenyewe, asipitie kwako wala kwa mama, amwombe radhi kwa kutokuwepo na amwombe amshikie nafasi. Kijana kumwomba amiye kitu kikubwa namna hiyo ni heshima, na wazee wetu wanaijua.

Mama yako anyamazaye, nenda kaketi naye. Mimi sidhani ana hasira. Mwanamke ambaye mumewe hayupo, binti anaolewa, na mwana hawezi kuja, ana mengi ya kunyamazia. Mweleze hayo niliyokueleza, taratibu, hasa kwamba mwanawe hakukataa kuja. Pengine ndilo neno analolisubiri.

Kuhusu tarehe, usiisogeze kwa kumngojea. Ningekushauri vingine kama angekuwa na siku maalumu ya kupata jibu, lakini idara ile haimpi mtu siku, na bwana arusi na watu wake nao wameshajipanga. Nikaha ifungwe Mfunguo Mosi kwa uwakala. Walima mkubwa, au kombe la mama, au karamu yoyote mtakayoipenda, mnaweza kuiweka atakapokuja na mkewe na mtoto, na mtu hatawauliza kwa nini.

Na huenda jibu likaja kabla ya hapo. Likija, mwambie asikate tiketi siku hiyo hiyo ya barua. Kadi yenyewe hutumwa kwa posta kwenye anwani yake ya Marekani, na huchelewa nyuma ya barua. Akiwa na haraka anaweza kuomba miadi USCIS wamgongee pasipoti muhuri wa muda unaothibitisha kwamba ni mkaazi wa kudumu, na kwa muhuri huo anasafiri na kurudi. Kama siku ombi litakapokubaliwa ndoa yao itakuwa haijafikisha miaka 2, kadi atakayopewa itakuwa ya miaka 2 yenye masharti. Hiyo haimzuii kuja kwenu, ila aiandike tarehe yake mahali atakapoiona, maana ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha yeye na mkewe watatakiwa kupeleka ombi jingine la kuondoa masharti hayo.

Shangazi